Mpaka Nirudi

Meru mjini
12 Mei 2025

Dada Nelius,

Nakusihi, kabla hujafika mstari wa pili, funga mlango. Haya nikuandikiayo yasome peke yako na uyaache humo humo moyoni. Usimwambie mtu ambaye sijakutajia. Ukiona huwezi kunihifadhia siri, itie barua hii motoni sasa, na sitakulaumu.

Ni mimi Kathure, mjukuu wa Mzee Mithika wa Mikinduri. Tulionana mara moja tu, siku tuliyomzika nyanya, wewe ukiwa umemshika mkono babu yako Munyi akishuka kwenye gari. Siku hizi mimi ni karani katika ofisi moja ya kaunti hapa Meru. Sipigi simu kwa sababu nasikia ya kwenu hushikwa na kila mtu, na yangu hukaa mezani mbele ya wenzangu. Nikienda nyumbani wikendi, baba mdogo Gikunda huichukua atazame mpira na husoma kila kinachoingia. Barua hii nimeikabidhi ofisi ya vifurushi pale steji ya magari ya Embu.

Babu ni mgonjwa wa presha. Daktari alituambia mimi na baba mdogo, tukiwa tumesimama koridoni: "Huyu mzee asisumbuliwe. Apunguze mawazo, apumzike, la sivyo mshipa utapasuka." Tangu siku hiyo, simu ikilia ofisini mimi husimama kabla sijaona ni nani.

Kinachompandisha presha ni miraa. Miti ile ilipandwa na babu yake, na hamwamini mtu nayo. Kila alfajiri anateremka mtaroni kwenye umande kuona kama wezi wamekata. Wachumaji wakija anasimama chini ya mti akiwafokea kwamba wanavunja vikonyo. Baba mdogo akimkataza, wanafokeana wawili. Jioni anarudi macho mekundu, mkono uko kichwani.

Nimejaribu niliyosoma. Nimepunguza chumvi jikoni. Nimemwekea nyimbo za ibada kwenye redio. Nilimfundisha kuvuta pumzi polepole na kuitoa polepole, akaniangalia sana, akasema, "Bibi yangu wa ofisi, mimi nimevuta pumzi tangu kabla ya serikali yenu. Hakuna aliyenifundisha." Huniita hivyo kwa sababu nimerithi jina la nyanya. Kisha akachukua fimbo akaenda zake kwa miraa.

Ndipo nikakumbuka gichiaro. Wewe unajua kuliko mimi kwamba ukoo wetu na wenu walikula kiapo zamani wakawa ndugu. Babu alitulea tukijua kwamba mtu wa gichiaro akikuomba kitu hukatai, na kwamba hudanganywi naye wala humdanganyi, maana laana yake haimalizwi na maombi ya kanisani. Duniani amebaki mtu mmoja ambaye Babu hawezi kumwambia hapana, naye ni mzee wako.

Naomba Mzee Munyi aje Mikinduri, kama anaweza kusafiri. Amwombe Babu akae bomani, aiache miraa kwa baba mdogo. Asimwambie "daima", Babu atahisi amezikwa. Aseme "mpaka nirudi". Krismasi atakuja tena aongeze muda. Hivyo ndivyo tunavyofanya ofisini na vibali, na watu huvumilia.

Babu asijue kamwe kwamba ni mimi.

Kathure


Runyenjes
20 Mei 2025

Kathure mwana wa gichiaro,

Mlango wangu hauna kufuli, lakini barua yako nimeisomea shuleni, darasani, watoto wakiwa mapumzikoni. Salama.

Nimemwambia Mzee, na yeye tu. Ilibidi nimpigie kelele sikioni katikati ya majani chai ndipo asikie, kwa hiyo ukiniuliza nani mwingine amesikia, ni majani chai. Alicheka mpaka akakaa chini. Alisema, "Mithika akae bomani? Heri uniambie nimfunge upepo." Halafu akaniuliza kama daktari alisema kweli au ni maneno ya kutisha wazee. Nikamwambia ni kweli.

Baba yangu, Gachoki, hataki aende. Mwezi wa sita ni baridi, na kifua cha Mzee si kizuri. Lakini Mzee amekwisha toa koti lake kubwa na kulianika juani. Anasema ombi la kumwokoa gichiaro halingojei jua.

Neno lako "mpaka nirudi" nimemfikishia. Aliliwaza sana. Akasema, "Huyo msichana ana akili. Lakini mwambie nikisema hivyo, lazima nirudi."

Nelius


Meru mjini
9 Juni 2025

Dada Nelius,

Imefanyika. Mambo yalienda vizuri.

Nilikuwepo. Nilijifanya nimekuja kufua mablanketi. Mzee wako aliposhuka kwenye boda boda, amevaa koti lile, Babu alitoka mbio kama kijana. Walishikana mabega wakatazamana muda mrefu bila salamu. Kisha Babu akasema, "Umezeeka vibaya, Munyi." Mzee wako akajibu, "Nimekuja nione kama wewe umezeeka vizuri. Naona hakuna tofauti." Wakacheka, wakakohoa, wakacheka tena.

Walikula kondoo. Hawakutaka mtu karibu, lakini mzee wako haongei kwa sauti ndogo, nasi jikoni tulisikia yote. Alisema: "Mithika, gichiaro changu, nimekuja na ombi. Usivuke lango la boma hili. Miraa mwachie Gikunda. Kaa, upumue, mpaka nirudi."

Nilidhani Babu amekasirika. Nikachungulia. Alikuwa anaangalia mtaroni, kule miti iliko. Akauliza, "Nani amekutuma?" Mzee wako akainama kusikia, akaomba arudie, Babu akarudia. Mzee wako akasema, "Nimetumwa na ugonjwa wako." Huo haukuwa uongo, Nelius, sivyo? Nimeuzungusha kichwani wiki nzima. Naona haukuwa uongo.

Babu akasema, "Sawa. Mpaka urudi."

Jumatatu alfajiri hakuteremka. Baba mdogo alimkuta ameketi kwenye kiti, nje ya mlango, fimbo magotini. Baba mdogo alinipigia simu akinong'ona kama mtu aliyeona muujiza.

Mwambie Mzee ahsante. Mwambie apumzike na yeye.

Kathure


Runyenjes
24 Juni 2025

Kathure,

Nimepata barua. Nimemsomea Mzee ile sehemu ya kuzeeka, akatabasamu.

Ana kikohozi kidogo tangu arudi. Ni baridi tu. Tunampa uji na tangawizi. Usiwe na wasiwasi, wewe ukianza kuwa na wasiwasi nitapata barua tatu kwa siku.

Mvua imekuwa ndogo, chai haikui vizuri. Huku shuleni ni mitihani ya katikati ya muhula, kazi ni nyingi, kwa hiyo nikichelewa kuandika ni hiyo.

Nelius


Meru mjini
14 Julai 2025

Dada Nelius,

Kikohozi kimeisha? Hukuniambia.

Hapa kuna habari njema. Tulimwita muuguzi wa kliniki ya Mikinduri aje nyumbani kumpima Babu, na presha imeshuka. Muuguzi alirudia kupima akidhani mashine imeharibika. Baba mdogo naye amekuwa mtu mwingine. Anakwenda kwa miraa mwenyewe, anarudi kumweleza Babu kila mti, na Babu anasikiliza bila kumfokea.

Nilipaswa kufurahi tu, na ninafurahi. Lakini nakueleza jambo dogo. Jumapili nilikwenda kumchukua twende kanisani. Amevaa suti, ameketi kwenye kiti. Nikamwambia, "Babu, twende, kengele imelia." Akasema, "Nendeni. Mniombee." Nikadhani amechoka. Nikamwambia kanisa si miraa, Mzee Munyi hakumaanisha kanisa. Akasema, "Alisema nisivuke lango. Sikumwuliza alimaanisha nini. Gichiaro haulizwi."

Kiti chake kilikuwa kinatazama mtaroni. Sasa amekigeuza kinatazama lango.

Labda mzee wako anaweza kuja kabla ya Krismasi, hata kwa saa moja, amfungulie lango aende kanisani na sokoni. Nitalipa nauli. Niulizie.

Kathure


Runyenjes
29 Julai 2025

Kathure,

Samahani kwa kukaa kimya. Nyumba imekuwa na wageni wengi na mimi ndiye wa kuosha vikombe. Mikono imechanika. Tumerudisha viti na sufuria za watu leo, sasa angalau mtu anaweza kupita uani.

Kuhusu Mzee kuja mapema, siwezi kukuahidi. Barabara ni mbaya na unajua umri wake. Mwache Babu yako apumzike, presha imeshuka, na hilo ndilo ulilotaka.

Nimefurahi sana kwamba imeshuka. Nataka ujue hivyo. Nimefurahi kweli.

Nelius


Meru mjini
11 Agosti 2025

Dada Nelius,

Ulikuwa na harusi? Viti, sufuria, vikombe. Hukunitajia harusi ya mtu.

Wiki iliyopita tumemzika Felicitas, dada yake Babu, yule aliyeolewa ng'ambo ya mto. Kutoka kwenye kiti cha Babu unaliona paa la nyumba yake. Babu hakuenda. Baba mdogo alimsihi, mchungaji akaja akamsihi. Wazee wenzake walikuja wakasimama ndani ya boma wakiwa wamevua kofia, wakamwambia gichiaro hawezi kumzuia mtu kumzika dada yake. Akawajibu, "Basi mleteni aniambie hivyo."

Alisimama langoni, upande wa ndani, ameshika mti wa lango, akasikiliza nyimbo. Tuliporudi alikuwa bado amesimama. Akaniuliza, "Wamemvalisha ile sweta ya kijani?" Nikasema ndiyo. Akaniuliza, "Munyi amesema atakuja lini?"

Nelius, mwambie Mzee aje. Kama ni mgonjwa hawezi kusafiri, basi aongee kwenye simu yako, nitakwenda nyumbani nimwekee Babu sikioni, amwambie, "Mithika, nimekufungulia." Maneno mawili yanatosha. Nitaomba ruhusa kazini, ingawa bosi wangu hapendi.

Kathure


Runyenjes
19 Agosti 2025

Kathure,

Keti kwanza.

Hakukuwa na harusi. Mzee alifariki katikati ya Julai, hospitalini hapa Embu. Tulimzika ile wiki kabla sijakuandikia habari za vikombe. Kilikuwa kifua. Alirudi kutoka kwenu anakohoa na hakupona.

Najua unachofikiri sasa, na ndiyo maana sikukwambia. Nilijua utasema ni wewe uliyemwita. Kila nikishika kalamu nilikuwa nakuona pale ofisini umesimama na simu mkononi, nikasema aa, akae kidogo, nitamwambia baadaye. Halafu ukaniandikia presha imeshuka, nikasema vema, angalau safari ile imezaa kitu, nisiharibu. Nilidhani nakupunguzia mzigo.

Baba aliniuliza kama watu wa Mikinduri wameambiwa. Nilimwambia nimeandika. Yaani nimemdanganya baba yangu, nimekudanganya wewe mwana wa gichiaro, nami ni mwalimu wa watoto.

Mzee hakukulaumu. Siku za mwisho alikuwa akihangaika kitandani, anataka viatu. Tunamwuliza unakwenda wapi. Anasema, "Nimemwacha mtu ameketi."

Sasa babu yako lazima aambiwe. Gichiaro huambiwa kabla ya wengine wote, ilikuwa aje atie udongo kaburini. Tumekosa sana. Tusizidishe.

Nelius


Meru mjini
25 Agosti 2025

Nelius,

Sijalala vizuri tangu barua yako ifike. Pole. Nilipaswa kuanza na pole. Poleni nyote.

Sasa nisikilize. Asiambiwe. Nimeuliza, bila kutaja jina, kwa muuguzi mmoja tunayekaa naye ploti moja. Amesema mzee wa presha akipewa habari ya namna hiyo ghafla anaweza kuanguka pale pale. Amezika mke, amemkosa dada yake, na sasa umwambie amekuwa akimngoja maiti. Mimi ndiye niliyemtia kwenye kiti hicho. Siwezi kuwa mimi wa kumwua akiwa amekikalia.

Nimekwenda nyumbani Jumamosi. Aliniuliza tena. Nikamwambia Mzee Munyi anamsalimu, miguu inamsumbua, atakuja mvua zikiisha.

Unajua alifanya nini? Alicheka. Akasema, "Mwambie asiharakishe. Mimi nipo tu, bibi yangu wa ofisi. Sina mahali pa kwenda."

Alikula chakula chote siku hiyo. Kwa hiyo usiniambie nimefanya vibaya. Alikula.

Mwombe baba yako anyamaze. Nakuomba kama gichiaro.

Kathure


Runyenjes
9 Septemba 2025

Kathure,

Umeniomba kama gichiaro, kwa hiyo umenifunga mdomo, na umejua unachofanya. Ndivyo tulivyofika hapa, kwa kutumia neno hilo kama mhuri wa ofisi.

Sitamwambia mpaka uniruhusu. Lakini Baba amekwisha jua kwamba sikuandika, na amekasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Anasema salamu ulizompelekea babu yako ni salamu za mtu aliye kaburini, na wewe ulizibeba kwa mkono wako. Anawaogopea watoto wetu na wenu. Mimi sijui kama naamini laana. Usiku nikisikia mtoto anakohoa, naamini.

Acha hayo. Jiulize kitu kimoja tu. Huyo mzee anayekaa bila kufoka, bila kwenda kanisani, bila kumzika dada yake, akitazama lango kutwa: ametulia, au amenyamaza? Mashine ya muuguzi haijui tofauti.

Nelius


Meru mjini
29 Septemba 2025

Nelius,

Nakuandikia kwa haraka, gari la saa nane linaondoka.

Mdomo wa Babu umepinda upande mmoja. Mkono wa kushoto haushiki kikombe. Baba mdogo aliniita jana. Tulileta teksi mpaka mlangoni, daktari kasema aje Meru mara moja, kila siku inayopita ni mbaya. Babu amekataa. Baba mdogo alimbeba kwa nguvu, na tulipofika langoni akashika mti wa lango kwa ule mkono mzima. Hakupiga kelele. Alisema kwa ule mdomo uliopinda, "Gikunda, ukinivusha hapa, umenilaani." Baba mdogo akamrudisha. Nimemwona baba mdogo akilia nyuma ya zizi, yeye asiyelia.

Kwa hiyo nakuondolea ombi langu la kwanza, la kunyamaza, na kukupa la pili. Baba yako aje. Ni mtoto wa Munyi, ana haki ya kumfungulia. Lakini aseme ametumwa na Mzee. Aseme Mzee yu kitandani, hawezi kusafiri, amemtuma aseme, "Nimekufungulia, nenda hospitali." Akipona, mimi mwenyewe nitamwambia ukweli. Naapa.

Ni neno moja tu dogo, na atapona.

Kathure


Runyenjes
30 Septemba 2025

Kathure,

Baba anasema atakuja Jumamosi, nami nitakuja naye. Hatuji na uongo. Uwe langoni utupokee, uwe karibu naye tukimwambia.

Nelius


Runyenjes
6 Oktoba 2025

Kathure,

Tulikutafuta. Baba yako mdogo alisema umepiga simu kwamba mna kazi ya dharura ofisini. Jumamosi. Sikumwambia kitu, lakini nilijua.

Basi nakueleza, kwa sababu hakuna mwingine atakayekueleza.

Babu yako alituona toka mbali. Alimwona Baba amevaa koti la Mzee, lile kubwa, Baba alilivaa kwa sababu ya baridi bila kufikiri. Babu yako akainuka. Nafikiri kwa muda mfupi alidhani ni yeye. Kisha tukakaribia akaona ni Baba, akakaa tena, na kabla hatujafika kwenye kiti akasema, "Lini?"

Baba akamwambia. Alipiga magoti kumwambia, mtu mzima yule. Babu yako hakuanguka, Kathure. Hakulia. Aliuliza Mzee alikufa akiwa anasema nini. Baba akamweleza habari ya viatu. Akafunga macho akakaa hivyo mpaka chai tuliyopewa ikapoa.

Halafu akanigeukia mimi. "Kathure alijua?"

Nilitamani uwepo, ujibu mwenyewe. Mimi ni gichiaro wake, siwezi kumdanganya machoni. Nikasema alijua.

"Na ni yeye aliyemleta Munyi hapa?"

Nikasema ndiye.

Hakusema neno juu yako, baya wala zuri. Baba akamshika mkono, akasema, "Nyumba ya Munyi imekufungulia." Akasimama. Alivuka lango kwa miguu yake mwenyewe, polepole, akapanda gari. Njiani kwenda Meru alisema jambo moja tu, kwamba Felicitas alikuwa karibu hivyo na yeye alisikiliza nyimbo tu.

Yuko wodini. Nenda.

Nelius


Meru mjini
20 Oktoba 2025

Dada Nelius,

Leo ni sikukuu, ofisi imefungwa, na ndipo nimepata ujasiri wa kukujibu. Sikuwa na kazi Jumamosi ile. Nilikuwa chumbani, nimekaa kitandani na viatu miguuni. Nilivaa nikashindwa kufungua mlango.

Nilikwenda wodini siku ile ile barua yako ilipofika. Nilipeleka uji kwenye chupa. Alikuwa ameegemezwa mito, mdomo umeanza kurudi. Muuguzi alikuwa akimpima. Akasema kwa furaha, "Mzee, presha yako ni ya kijana." Babu akamwambia, "Sina kitu cha kuipandisha." Kisha akaniona.

Nilimpigia magoti pale pale, mbele ya wagonjwa. Nilisema yote, hata ambayo wewe hukumwambia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Karani, nilikuwa na hasira kila siku ya maisha yangu, na zilikuwa zangu. Mlitaka nisiumie. Sasa Munyi amelala bila udongo wangu na Felicitas bila udongo wangu, na mimi siumwi popote. Nenda kazini." Akageukia ukutani. Uji niliuacha kwenye kabati. Jioni niliukuta haujaguswa. Nimekwenda kila siku, na kila siku aligeukia ukutani, mpaka ile asubuhi niliyokuta kitanda kimetandikwa na kuambiwa mzee ameruhusiwa, amechukuliwa na mtu wa Embu, anakwenda kutia udongo.

Baba mdogo anasema Babu amemwambia atakaa kwenu. Hakusema mpaka lini. Baba mdogo amechanganyikiwa, anateremka kwa miraa anarudi anakieleza kiti kitupu. Mimi sina haki ya kumwomba Babu arudi, wala wewe sitakuomba unisemee. Sitaomba tena kitu kwa jina la gichiaro, mimi na wanangu nikijaliwa kupata.

Nakuandikia tu unayopaswa kujua kwa kuwa yuko mikononi mwenu. Dawa ya asubuhi ni baada ya kula, la sivyo humchoma tumbo. Chai anapenda ya moto sana na hujifanya hataki sukari. Kuku akifa, mwambie. Mtu akiugua, mwambie, na umwambie ni nani. Akitaka kufoka kwenye mashamba yenu ya chai, mwacheni afoke, mshike mkono kwenye utelezi tu. Nilisoma mengi juu ya kumtuliza mzee na hayo hayakuwemo.

Na ikitokea siku moja aniulizie, hata kwa kukosea, hata akitaka tu kunilaumu, usisubiri kuandika. Nimenunua laini nyingine ya simu, nambari iko nyuma ya bahasha, hakuna mwingine duniani niliyempa, na simu hiyo hainitoki mkononi, hata kazini, bosi aseme atakavyo. Nisiposhika, ina maana niko ndani ya jengo mahali mtandao haufiki. Mpigie Susan anayeuza ndizi soko la Gakoromone, nambari yake iko chini ya yangu. Nimehama ploti ile, sasa naishi nyuma ya kibanda chake, chumba cha mwisho, mlango wa bluu. Huna haja ya kumweleza chochote. Mwambie, "Mwambie Kathure anaitwa." Ataacha ndizi aje mbio ofisini, tumekubaliana. Kama ni alfajiri, gari la kwanza la Embu huondoka kabla ya jua. Nitakuwemo. Nitashukia Runyenjes sokoni nisimame pale pale, nisije nyumbani, mpaka mtu aje aniambie kama naweza kuingia.

Kathure